Lisbon kwa miguu, siku nne kwa watu wawili: mpande kwa lifti, mshuke kwa miguu

Mji mkuu wa Ureno umekaa juu ya vilima, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu wawili wanatoka hotelini saa tatu asubuhi, wanafuata ramani ya simu hadi ngome ya São Jorge, wanapanda juani nusu saa nzima, na ikifika saa sita mmoja kakaa kwenye ngazi kavua kiatu, mwenzake anahangaika kutafuta maji. Mchana umeshaharibika, na kesho yake mnaanza kugombania teksi. Tatizo ni ramani: inaonyesha mita za umbali, lakini haisemi kitu kuhusu mwinuko.

Kwa likizo ya kutembea, Lisbon ni mji mzuri mno kwa wawili, mradi mshike kanuni moja: kupanda ni kazi ya mashine, kushuka ni kazi ya miguu. Mkiishika, siku nne zinatosha kwa matembezi matatu makubwa, na hakuna hata moja linalozidi kilomita 5. Na kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya watalii huipitia kwa mstari mmoja au haviitaji kabisa: dhahabu ya Kilwa iko hapa, mnaweza kusimama mbele yake, na njia ya kuifikia ndiyo tembezi bora kuliko yote mjini. Hilo tutalifikia.

Tuanze na viatu, maana ndivyo vinavyoharibu likizo nyingi kuliko mvua.

Njia za waenda kwa miguu Lisbon hazina lami wala zege. Zimetandazwa vijiwe vya mraba vya chokaa nyeupe, kila kimoja kinaenea kiganjani, vikapambwa kwa vijiwe vyeusi vya basalti. Wafungwa wa ngome ya São Jorge ndio waliotandaza mapambo ya kwanza ya namna hii mwaka 1842, na mawimbi meusi na meupe ya uwanja wa Rossio yakafuata 1848 na 1849. Inameni mkiangalie kijiwe kimoja kwa karibu: uso wake umesuguliwa na nyayo mpaka unang'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kikiwa kikavu hakina neno. Kikilowa, hata kwa manyunyu ya asubuhi tu, kwenye mteremko kinateleza kweli kweli. Reli za tramu zikilowa ndiyo balaa zaidi, kwa hiyo zivukeni kwa kuzikata moja kwa moja na msikanyage chuma.

Kiatu kinachofaa ni raba yenye soli ya mpira laini na mikato mingi midogo. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba: ikibonyea kidogo, itashika. Buti za kupandia milima zenye soli ngumu zinawadanganya wengi, kwa sababu zimetengenezwa kung'ata udongo na mwamba mkwaruzo, si chokaa iliyong'arishwa. Kisigino chembamba huzama kati ya vijiwe viwili na kuvunjika au kuteguza mguu. Ndala na kubadhi ziachwe chumbani. Na viatu vipya visisafiri: vivaliwe nyumbani wiki mbili kwanza, kisha mfukoni muwe na plasta za malengelenge, mzibandike pale ngozi inapoanza kuwasha, msingoje mpaka ichubuke.

Nauli sasa. Kadi inayotumika inaitwa navegante ocasional, inauzwa senti 50 kwenye mashine za kila kituo cha metro na inadumu mwaka mmoja. Kila mtu lazima awe na yake, kadi moja haiwapitishi wawili kwa pamoja. Inatumika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuweka salio, wenyewe wanaita zapping, linalokatwa kila mnapopanda metro, basi, tramu, kivuko au treni ya mjini. Ya pili ni tiketi ya saa 24 ya metro, mabasi na tramu. Hizo saa 24 huhesabiwa tangu kugonga kadi kwa mara ya kwanza, hazifuati tarehe: mkigonga leo saa nane mchana, mnatembelea mpaka kesho saa nane mchana, yaani nusu siku mbili kwa bei ya moja.

Kosa linalowakwamisha watu mashineni ni hili: kadi haibebi aina mbili kwa wakati mmoja. Mtu kaweka tiketi ya saa 24, kesho yake anataka kuongeza salio la treni, mashine inakataa mpaka ile ya kwanza iishe. Dawa ni kununua kadi nyingine ya senti 50, moja ya salio na moja ya tiketi, mkaziandika kwa kalamu juu yake ili msizichanganye. Kununua tiketi kwa dereva wa tramu kunagharimu zaidi ya euro 3 kwa mtu kwa safari moja, kwa hiyo msifanye mazoea.

Lisboa Card, ile kadi ya watalii ya saa 24, 48 au 72, inalipa kwa siku ambayo mnaingia sehemu mbili au tatu za kiingilio na kupanda treni, hasa siku ya Belém, mtaa wa magharibi wenye monasteri. Siku ya kuzunguka mitaa ni hasara, maana mitaa haina mlango. Na wengi wanakuja kushtuka langoni: kiingilio cha ngome ya São Jorge hakimo, mnapata punguzo tu.

Mashine za kupandia ndizo siri ya mji huu, na zilizo bora hazina malipo. Kutoka mitaa ya chini, Baixa, kwenda kilima cha Chiado, ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado upande wa chini na mfuate ngazi za umeme mpaka juu. Mnatokea Largo do Chiado bila kugonga kadi, kwani hampiti kwenye mageti ya treni. Kwenda upande wa ngome, tafuteni Rua dos Fanqueiros, kati ya namba 170 na 178: kuna mlango wa kawaida tu wa jengo, ndani lifti ya bure inayowatoa kwenye barabara ya juu yake. Vukeni, nendeni Chão do Loureiro penye jengo la maegesho lenye supamaketi chini, pandeni lifti ya pili mpaka paani. Hapo mmeshaupunguza mlima sehemu kubwa, na kilichobaki ni dakika chache za kupanda taratibu. Asiyeweza hata hizo, basi dogo namba 737 linatoka Praça da Figueira mpaka karibu na lango la ngome.

Mnara wa lifti wa Santa Justa, ule wa chuma wa mwaka 1902 wenye urefu wa mita 45, ni mzuri kuutazama kutoka barabarani. Kuupanda tunasema hapana. Foleni inaweza kula saa nzima kwa safari isiyofika dakika moja, na mandhari yale yale mnayapata mkipanda kwa ngazi za umeme na kutembea hadi Largo do Carmo, nyuma ya magofu ya kanisa. Kuhusu vile vigari vya mteremko vinavyovutwa kwa waya, kile cha Glória kilianguka tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakapoteza maisha, huduma ya vigari vingine ikasimamishwa. Pangeni safari yenu bila kuvitegemea.

Na tramu namba 28? Vibehewa vyake vya mbao na bati vya miaka ya 1930 ni vya kupendeza, na inapokata kona za Alfama, mtaa wa kale ulio chini ya ngome, mtu akinyoosha mkono dirishani anagusa ukuta. Lakini kuanzia saa nne asubuhi inajaa kama daladala ya jioni, wazee wa mtaa wanakosa pa kukaa, na wezi wa mifukoni ndio uwanja wao. Ipandeni kabla ya saa mbili asubuhi kutoka Martim Moniz, inakoanzia, au msiipande. Saa nyingine zote, miguu inaifuata kirahisi, maana njia yake imebanwa na haiendi kasi.

Malazi: tafuteni Baixa au pembezoni mwa Chiado. Alfama inavutia kwenye picha, ila magari hayaingii vichochoroni, na begi la magurudumu kwenye vijiwe na ngazi huvunjika gurudumu kabla hamjafika mlangoni. Kabla ya kulipa ulizeni neno moja, elevador, yaani lifti. Majengo mengi ya zamani yana ghorofa nne au tano na ngazi za mbao zilizosimama wima, halafu ghorofa ya kwanza ya Wareno ni ile iliyo juu ya ya chini. Mji pia unatoza kodi ya mgeni ya euro 4 kwa mtu kwa usiku, mpaka usiku saba, kwa hiyo wawili kwa usiku nne wekeni euro 32 pembeni, maana mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona.

Kutoka uwanja wa ndege msihangaike na teksi: laini nyekundu ya metro inaanzia hapo hapo, mnabadilisha Alameda mnaingia laini ya kijani mpaka Rossio.

Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ya kutembea. Julai na Agosti jua linarudi kutoka kwenye vijiwe vyeupe na kuwachoma kutoka chini, miwani ya jua si pambo. Novemba mpaka Februari ni mvua, mkumbuke yale ya soli. Anayetoka Afrika Mashariki na pasipoti ya huko anahitaji viza ya Schengen: ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isiyopungua thamani ya euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mume na mke kila mmoja anajaza fomu yake. Kama mmoja ndiye anayemgharamia mwenzake, barua ya kumdhamini na cheti cha ndoa viwe kwenye mafaili yote mawili, si moja, kwa sababu faili husomwa moja moja.

Tembezi la kwanza ni kutoka ngomeni kushuka mpaka mtoni, kilomita 2 hivi, saa tatu pamoja na kusimama. Mkitoka langoni teremkeni hadi Portas do Sol. Hapo mji mzima wa Alfama uko chini ya miguu yenu, mapaa mekundu yamebanana mpaka kwenye mto Tejo, ambao hapa ni mpana kiasi kwamba mgeni hudhani ni bahari. Hatua chache mbele ni Santa Luzia, na kwenye ukuta wa nje wa kanisa lake kuna picha ya vigae vya buluu inayoonyesha uwanja wa ikulu kama ulivyokuwa kabla ya mwaka 1755. Itazameni vizuri, kwa sababu mwisho wa tembezi mtasimama kwenye uwanja huo na hakuna jengo hata moja la pichani litakalokuwepo.

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliupiga mji watu wakiwa makanisani, kisha mto ukapanda kwa wimbi la tsunami, kisha moto. Mitaa ya bondeni ikafutika. Alfama, iliyokaa juu ya mwamba, ikabaki, na ndiyo maana vichochoro vyake bado vimepinda vile vile vya enzi za Waislamu walioutawala mji huu mpaka 1147. Jina lenyewe linatokana na Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto. Ni ukoo mmoja na hamamu yetu. Anayeijua Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hatapotea kiakili hapa: uchochoro unaopita mtu mmoja na mzigo wake, kivuli hata saa saba mchana, nguo zinazoanikwa juu ya kichwa cha mpita njia, bibi kakaa mlangoni anaangalia nani anapita. Tofauti ni ngazi.

Shukeni kwa ngazi za Rua Norberto de Araújo, zinazopita kando ya kipande cha ukuta wa kale, mfike Rua de São Miguel, kisha Largo do Chafariz de Dentro. Simu hupoteza mwelekeo humu ndani kwa sababu kuta zimesongamana. Ikipotea, iwekeni mfukoni. Mteremko wowote wa Alfama unaishia mtoni, na hilo halijawahi kumdanganya mtu. Mkitaka fado, nyimbo za huzuni za Wareno, nyumba zake nyingi ziko hapa. Ulizeni mapema kiwango cha chini cha kutumia kwa kila mtu, na mjue kwamba taa zikipunguzwa hakuna anayeongea wala kugonganisha sahani. Wanaotaka kupiga soga wakale kwanza sehemu nyingine.

Chini, geukeni kulia mkifuata barabara iliyo sambamba na mto. Mtapita Chafariz d'El-Rei, chemchemi ya mfalme. Kuna mchoro wa karne ya 16 unaoonyesha hapo hapo Waafrika wengi: wengine wanateka maji, wengine wanafanya kazi za watu, na mmoja kapanda farasi akiwa na joho la heshima. Leo ni ukuta wa mawe tu na watu wanaupita. Mbele ni Casa dos Bicos ya mwaka 1523, ukuta wake wote umechongwa ncha kama stafeli, halafu mnatokea Praça do Comércio, uwanja ule ule wa kwenye picha ya vigae.

Mitaa iliyonyooka nyuma ya uwanja huo, Rua Augusta na ndugu zake, ndiyo mji uliojengwa upya na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, baada ya tetemeko. Ndani ya kuta kuna fremu za mbao zilizopigwa mikingamo, gaiola, yaani tundu la ndege, zilizowekwa ili nyumba ikitikiswa icheze badala ya kupasuka. Anayependa mambo ya ujenzi aombe nafasi mapema kwenye chumba cha magofu cha Rua dos Correeiros: ziara inaongozwa, haina kiingilio, na inaonyesha matangi ya Warumi ya kutia samaki chumvi pamoja na nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye udongo wa maji kubeba majengo ya Pombal. Mkiwa na nguvu bado, malizieni Largo de São Domingos karibu na Rossio. Kanisa lake liliungua mwaka 1959 na nguzo za ndani zimeachwa na makovu ya moto. Hapo ndipo mauaji makubwa ya Wayahudi ya Aprili 1506 yalipoanzia, na jiwe la kumbukumbu liko nje. Leo uwanja huo huo ni kijiwe cha Waafrika wa Lisbon, wengi kutoka Guinea-Bissau, wakiuza karanga na kupashana habari.

Chakula. Mkikaa mezani mhudumu ataleta mkate, zeituni, siagi, pengine jibini, bila kuagizwa. Huo ni couvert na si wa bure. Sheria ya Ureno haimruhusu kuwalipisha msichoagiza wala kukigusa, kwa hiyo semeni mapema viondolewe, bila aibu. Mchana, kati ya saa sita na nusu na saa tisa, agizeni prato do dia, chakula cha siku: ni kile kile wanachokula wafanyakazi wa mtaa, na hutoka jikoni haraka. Bacalhau ni ng'onda wa Wareno, samaki wa bahari ya baridi aliyekaushwa kwa chumvi, akalowekwa siku moja au mbili maji yakibadilishwa. Wasiopenda miiba waanze na à Brás, iliyochambuliwa na kukaangwa na vitunguu, mayai na viazi vyembamba. Dagaa wakubwa wa kuchoma, sardinhas, ni wa kiangazi. Nje ya msimu mara nyingi wametoka kwenye friji.

Kwa Waislamu, nguruwe amejificha sehemu nyingi: kipande cha chouriço ndani ya supu ya mboga ya caldo verde, mafuta yake, banha, kwenye baadhi ya maandazi. Ulizeni "tem porco?" na "tem banha?". Mikahawa ya halali ya Wabangladeshi imejaa Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz, na Msikiti Mkuu uliozinduliwa 1985 uko jirani na Praça de Espanha kwenye laini ya buluu. Menyu yenyewe haitawatisha: mesa ni meza, copo ni kopo, limão ni limau, ananás ni nanasi, vinho ni mvinyo. Igreja tu ndiyo muwe waangalifu nayo. Ndiyo iliyotuletea neno gereza, lakini hapa ni kanisa.

Belém iko kilomita 6 magharibi, na kuifikia kwa miguu ni kupoteza miguu: pandeni treni kutoka Cais do Sodré, ni dakika chache tu, au tramu namba 15E. Msiende Jumatatu, monasteri ya Jerónimos na mnara vinafungwa. Siku nyingine fikeni nusu saa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu mabasi ya makundi yakishashusha, foleni ya juani haina paa. Kanisa la monasteri lina mlango wake na halina kiingilio, wengi hawajui wanapanga foleni ya monasteri bure. Mnara wa Belém angalieni kwanza kama umefunguliwa, na hata ukiwa wazi, ngazi yake ni nyembamba ya mzunguko, wa kupanda wanawangoja wa kushuka. Sisi tunautazama kutoka nje na kuendelea.

Ndani ya kanisa, mara tu mnapoingia, kushoto ni kaburi la Vasco da Gama na kulia la mshairi Luís de Camões. Da Gama ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498 akakataliwa, akapokelewa Malindi. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishiwa hapa 1880. Jeneza la mawe lenye jahazi lililochongwa ubavuni ni kazi ya karne ya 19, si la enzi zake. Jengo lenyewe lilijengwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya mashariki, na mkitazama nguzo mtaona kamba za meli zimechongwa kwenye jiwe. Baadaye vikeki vya kastadi vya Pastéis de Belém, vinavyookwa hapo tangu 1837: msishtuke na mstari wa barabarani, huo ni wa kununua na kuondoka. Ingieni ndani mpaka vyumba vya nyuma vyenye vigae, kukaa mara nyingi ni haraka zaidi. Nyunyizeni mdalasini uliopo mezani, vikiwa bado vya moto.

Tembezi la mwisho lianze Largo de Camões, saa tatu na nusu asubuhi, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Ni kilomita 2 kasoro na karibu yote ni mteremko. Shukeni Calçada do Combro mkifuata reli za 28, na chini yake mtaingia Rua do Poço dos Negros, mtaa wa kisima cha watu weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel I aliagiza lichimbwe shimo upande huu wa mji, kwa sababu maiti za watumwa wa Kiafrika zilikuwa zinatupwa ovyo. Leo ni mtaa wa vikahawa na maduka madogo. Pita pole pole. Endeleeni kwa Rua da Esperança na Santos mpaka Rua das Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, inayofunguliwa saa nne.

Mlangoni, kabla ya kukata tiketi, ulizeni kama Custódia de Belém iko wazi leo na iko chumba kipi, maana baadhi ya vyumba hufungwa kwa zamu. Ni monstransi ya dhahabu, yaani chombo cha Wakatoliki cha kuonyeshea hostia, mkate mtakatifu, kimo chake sentimita 73. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kundi la manowari, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka asije akauteketeza mji. Malipo ya kwanza yalifika Lisbon 1503, na mfalme yule yule wa kisima akaamuru yafanywe chombo hiki, kazi inayohesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Mwaka 1505, kabla hakijakamilika, Wareno walirudi wakaishambulia Kilwa.

Msikitazame kutoka mbali mkapiga picha mkaondoka. Sogeeni mpaka kioo. Katikati, mitume 12 wamepiga magoti wakiizunguka nafasi ya hostia, kila mmoja ana uso wake na nywele zake, si mkubwa kuliko kidole. Juu yao njiwa mweupe wa enameli ananing'inia. Kwenye shina kuna tufe za falaki, nembo ya Manuel. Chini, kwenye kitako, ndege na maua ya rangi. Kisha inameni usawa wa ukingo wenyewe wa chini na mzunguke: herufi zimezunguka kitako chote, zinasema kwamba mfalme Manuel aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, kikamalizika 1506. Jina la Kilwa liko pale, kwa tahajia ya Kireno, kwenye dhahabu ya Kilwa. Tengeni nusu saa kwa kabati hilo moja, na kama muda ni mfupi achaneni na ghorofa nyingine.

Nyuma ya makumbusho kuna bustani yenye mkahawa inayotazama Tejo, maji yale yale meli zilikopita. Kurudi, basi namba 714 linasimama karibu na mlango na linawafikisha Praça da Figueira. Mkumbuke kugonga kadi zote mbili.